Vitundu vya Mwamba, Vijiti vya Mfupa: Funzo la Eksirei ya Pande Tatu

Jumapili moja alasiri mpwa wangu, mwana wa kaka yangu, alikuja kunisalimu akiwa na kompyuta yake begani. Wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya jiolojia ya petroli, naye alikuwa akiandaa mradi wake wa kuhitimu. Baada ya chai alifungua kompyuta, akanigeuzia kioo, akasema, "Shangazi, wewe ni mtu wa picha. Hebu nisomee hii."

Ilikuwa picha ya kijivu iliyojaa vitundu vyeusi vya maumbo mbalimbali, na kati ya vitundu hivyo kulikuwa na kuta nyeupe zilizoshikana. Sikusita. Nilimwambia kuwa huo ni mfupa wa ndani, ule mfupa unaofanana na dodoki, pengine wa kichwa cha paja au wa pingili ya mgongo, na kwamba mwenyewe bado ana mfupa imara. Kijana alicheka hadi akalazimika kuweka kikombe chini. "Shangazi, huyu mgonjwa wako ni jiwe."

Lilikuwa jiwe la mchanga la Berea, kutoka jimbo la Ohio nchini Marekani, ambalo wahandisi wa mafuta na gesi wamelitumia kwa miongo mingi kama kielelezo cha majaribio yao. Picha yake alikuwa ameipata katika mkusanyo ambao Chuo cha Imperial cha London kimeutoa bure kwa watafiti na wanafunzi. Ilipigwa kwa eksirei, kwa kanuni ileile inayotumika katika mashine ya CT ninayoifanyia kazi kila siku.

Nimeamua kuandika habari ya jiwe hilo katika jarida la afya kwa sababu mbili. Ya kwanza, historia ya picha za miamba na historia ya picha za wagonjwa ni historia moja, na anayeielewa ataelewa vizuri zaidi kipimo ambacho wagonjwa wengi hukiomba bila kukijua. Ya pili, keshoye Jumatatu jiwe hilo lilinifungua macho kuhusu mgonjwa ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemsomea picha na kumkosea.

Gesi haikai ziwani

Watu wengi hudhani kwamba mafuta na gesi hukaa chini ya ardhi kama ziwa lililofunikwa, na kwamba kazi ya mchimbaji ni kulitoboa tu. Sivyo. Gesi hukaa ndani ya jiwe lenyewe, katika vitundu vidogo vilivyobaki kati ya chembe na chembe za mchanga wakati mchanga huo ulipofukiwa na kugandamana kuwa mwamba. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichoko pwani ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 katika mawe ya mchanga ya enzi ya Kretasia, na kuanzia mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwa hiyo mgonjwa anapolala juu ya kitanda cha CT jijini humo, huenda umeme unaomzungushia mashine ulianzia ndani ya vitundu vya jiwe.

Wataalamu wa miamba huuliza maswali mawili makuu. La kwanza: katika jiwe hili, ni sehemu gani iliyo wazi? Katika jiwe la Berea sehemu hiyo ni takriban asilimia 20. La pili ni gumu zaidi: je, vitundu hivyo vimeungana? Mkate wa kumimina una matundu mengi, lakini mengi kati yake yamefungiwa, kila moja na ukuta wake. Mtungi wa udongo hauonyeshi tundu hata moja kwa macho, lakini ukiutia maji hutoka jasho, kwa kuwa vitundu vyake vimeshikana kutoka ndani hadi nje. Mwamba wenye nafasi nyingi zisizoungana hautoi gesi. Mwamba wenye nafasi chache zilizoungana huweza kuitoa kwa miaka mingi.

Aliyeiwekea kanuni safari ya maji ndani ya mchanga ni mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyeupatia mji wa Dijon maji safi. Majaribio yake ya kupitisha maji katika mtungi mrefu wa chuma uliojazwa mchanga aliyafanya mwaka 1855 na 1856 katika hospitali ya mji huo. Hadi leo uwezo wa mwamba wa kupitisha mafuta au gesi hupimwa kwa kizio kinachoitwa darsi. Wahandisi wa petroli wanatumia kanuni iliyozaliwa hospitalini, katika kazi ya kuwapatia watu maji ya kunywa.

Mashine moja, nyumba mbili

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Picha yake maarufu ya mkono wa mkewe, yenye mifupa na pete, ilionyesha nguvu na udhaifu wa ugunduzi huo kwa pamoja. Nguvu yake ni kwamba tunaona ndani bila kisu. Udhaifu wake ni kwamba kila kilichoko mbele na kila kilichoko nyuma huangukia kwenye picha moja, kama kivuli cha mti ambacho hakikuambii tawi lipi liko mbele na lipi liko nyuma.

Njia ya kuondoa udhaifu huo ilitafutwa na watu wawili ambao hawakujuana. Mmoja alikuwa Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg. Mwaka 1956, akiwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alitumikia kwa muda Hospitali ya Groote Schuur kusimamia matumizi ya mionzi, na hapo ndipo alipojiuliza: tukipitisha mionzi katika mwili kutoka pande nyingi na kupima kiasi kinachotokea upande wa pili, je, hatuwezi kukokotoa kilichomo ndani, nukta kwa nukta? Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Baadaye alisimulia kwamba ombi la kuvutia kuliko yote la kupata nakala ya makala yake lilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji, ambacho kilitaka kujua kama njia hiyo ingefaa kuchungulia theluji iliyolala mlimani. Mapema hivyo, watu wa ardhi walikuwa wameshaona manufaa yake.

Wa pili alikuwa Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza. Kifaa chake cha kwanza cha majaribio kilichukua siku tisa kukusanya vipimo vya picha moja. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba, ingawa hakuna kati yao aliyekuwa daktari.

Haukupita muda mrefu wahandisi wa petroli wakabisha hodi. Katika miaka ya 1980 walianza kuweka vipande vya mwamba juu ya vitanda vya mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, na mwaka 1987 watafiti wawili wa kampuni ya Shell, Wellington na Vinegar, walichapisha makala iliyowaeleza wenzao namna ya kuitumia CT kwenye miamba. Lakini mashine ya hospitali ilikuwa na kikomo. Iliweza kuonyesha nyufa na tabaka za jiwe, ila kitundu chenyewe, ambacho mara nyingi ni chembamba kuliko unywele, haikukiona.

Kifaa cha kuona kitundu kilitoka tena upande wa tiba. Mwaka 1982 Elliott na Dover walichapisha picha ya kwanza ya eksirei ya pande tatu yenye ukali wa hadubini. Elliott alikuwa mtafiti wa meno na mifupa katika Chuo cha Tiba cha Hospitali ya London. Kitu walichokipiga picha kilikuwa gamba la konokono, tena konokono wa jamii ya Biomphalaria, ambaye ndugu zake katika Ziwa Victoria ndio wanaobeba kichocho cha tumbo. Miaka miwili baadaye, watafiti wa kampuni ya magari ya Ford, Feldkamp, Davis na Kress, walichapisha hesabu ya kuunda picha kutokana na mionzi inayotawanyika kwa umbo la pia. Lengo lao lilikuwa kutafuta kasoro ndani ya vipuri bila kuvivunja. Mwaka 1989 Feldkamp na madaktari wa mifupa waliitumia hesabu hiyo kuonyesha usanifu wa ndani wa mfupa wa binadamu. Leo hesabu hiyohiyo, au watoto wake, hutumika katika maabara za miamba na pia katika mashine ya daktari wa meno inayoonyesha taya kwa pande tatu.

Jinsi jiwe linavyosomwa

Mpwa wangu alinieleza hatua kwa hatua. Huchukuliwa kipande cha mwamba chenye upana wa milimita chache tu, kisha husimamishwa juu ya kiti kidogo kinachozunguka, kati ya chanzo cha eksirei na kinasa picha. Hospitalini ni mashine inayomzunguka mgonjwa, lakini maabara ni jiwe linalozunguka. Picha mamia hadi maelfu hupigwa, kila moja kwa pembe yake, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Kompyuta huzikusanya na kuunda mchemraba uliogawanywa katika vimchemraba vidogo viitwavyo vokseli. Mchemraba wenye vokseli elfu moja kila upande una jumla ya vokseli bilioni moja.

Kila vokseli hupewa namba ya kijivu kwa kadiri ilivyozuia mionzi. Hata katika CT ya hospitali tunafanya hivyo: maji hupewa sifuri, hewa hupewa hasi 1000, na mfupa hupanda hadi mamia na zaidi, katika vipimo vinavyoitwa kwa jina la Hounsfield. Mtaalamu wa mwamba huweka kizingiti: chini ya namba hii ni nafasi wazi, juu yake ni jiwe. Kisha kompyuta huhesabu nafasi, hupima shingo kati ya kitundu na kitundu, hufuata njia kutoka uso mmoja wa mchemraba hadi wa pili, na hata hukokotoa gesi itapita kwa wepesi gani.

Hapo ndipo ninapomheshimu mtaalamu wa miamba, kwa kuwa anajua mahali picha inapoweza kumdanganya. Vokseli moja ikiangukia nusu kwenye jiwe na nusu kwenye tundu, namba yake huwa ya katikati, isiyo ya jiwe wala ya tundu. Akisogeza kizingiti kidogo tu, njia iliyokuwa wazi huzibika na mwamba mzuri huonekana mbovu. Tatizo hilo sisi tunalijua katika uvimbe mdogo wa pafu au jiwe dogo la figo. Mionzi inapopita katika kitu kizito sana, kingo za kitu hicho hung'aa kupita kiasi na katikati huonekana peusi kwa uongo. Tunaliona hilo kichwani, kati ya mifupa minene ya sikio.

Tunashirikiana nao hata katika dawa. Wanapotaka kutofautisha maji na mafuta ndani ya kitundu, huyatia maji chumvi yenye madini joto, kwa kuwa madini hayo huzuia eksirei vizuri na kufanya maji yang'ae. Ndiyo sababu ileile dawa tunayomchoma mgonjwa ili mishipa yake ya damu ionekane huwa na madini joto. Tofauti ni kwamba jiwe halina figo za kuchoshwa na dawa wala mwili wa kupata mzio.

Kwa nini mgonjwa hapigwi picha kama jiwe

Kwa kuwa maabara huona kitundu cha mikromita chache, wagonjwa huuliza, na ni haki yao kuuliza: kwa nini sisi tusipigwe picha kali namna hiyo, kila kitu kikaonekana mara moja?

Jibu liko katika mionzi. Vokseli ndogo hupitiwa na mionzi michache, na picha yake hujaa chengachenga kama redio iliyokosa masafa. Ili ubora ubaki uleule, kila unapopunguza upande wa vokseli kwa nusu, kwa makadirio ya kawaida unahitaji mionzi mara 16. Vokseli ya hospitali ina upande wa takriban nusu milimita. Kuishusha hadi mikromita tano, ambayo ni ya kawaida kwa mwamba, ni kuigawa upande wake mara mia, na hesabu hiyo inahitaji mionzi mara milioni mia moja. Jiwe litavumilia. Mwili hauwezi. Tena jiwe halipumui, halikohoi, wala moyo wake haupigi.

CT ya tumbo na nyonga kwa utaratibu wa kawaida humpa mtu takriban milisiveti 8 hadi 10, ilhali wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu huipata duniani ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kiasi hicho si cha kuogofya pale ugonjwa unapokihitaji. Kipimo kilichoombwa kwa sababu nzuri huokoa maisha. Lakini kurudia kipimo kwa kuwa hatukusoma vizuri cha kwanza ni kumtoza mgonjwa deni letu.

Jumatatu

Keshoye, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule, nilikuta juu ya meza ombi la CT: mwanamke, umri miaka 68, maumivu ya mgongo na ubavu, rudia kutazama mawe ya figo. Neno "rudia" lilinisimamisha. Nilifungua kumbukumbu. Miezi saba kabla alikuwa amepimwa kwa swali hilohilo, na ripoti ilikuwa na jina langu: "Hakuna mawe. Figo zote mbili ni za kawaida."

Kila neno katika ripoti hiyo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeulizwa kuhusu figo na nilijibu kuhusu figo, nikipitia vipande vya picha vilivyolala, kimoja baada ya kingine, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayehesabu silesi za mkate. Lakini jana yake nilikuwa nimemwona kijana akiugeuza mchemraba wake wa jiwe kila upande, akiukata kwa mbele, kwa ubavu na kwa mshazari, na kuniambia, "Shangazi, data iko yote. Kutoitazama ndiyo hasara."

Niliwaomba wenzangu wasimwingize mgonjwa kwenye mashine kwanza. Nilichukua data ya zamani nikaikata kwa ubavu, ili uti wa mgongo uonekane kwa urefu wake. Ilichukua chini ya dakika moja na haikuhitaji mionzi mipya. Pingili ya mwisho ya kifua ilikuwa imebonyea mbele, imebaki karibu nusu ya kimo chake, mfano wa kabari. Nilipima namba ya kijivu ndani ya pingili iliyofuata, ile ya kwanza ya kiuno, nikapata 70. Katika pingili hiyo, namba iliyo chini ya 100 humpa daktari sababu kubwa ya kushuku kwamba mfupa umepungua.

Kwa miezi saba mama huyu alikuwa amevunjika mgongo na hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekunywa dawa za maumivu za kila aina, ambazo kwa umri wake huweza kuchubua tumbo na kuumiza figo, zilezile figo tulizozihakikishia uzima.

Nilitoka nikaenda kumkuta alipoketi. Nilimwamkia, nikakaa kando yake, nikamweleza kwamba picha yake ya kwanza ilikuwa na jibu na kwamba mimi ndiye niliyelikosa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo si uzee tu, mwanangu?" Nikamwambia si uzee tu. Akakumbuka kwamba kabla ya maumivu kuanza aliinua ndoo ya maji na kusikia kitu kikilia mgongoni, na kwamba siku hizi kanga zake zinaburura chini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mfupa na mwamba

Mfupa wa pingili ni ganda jembamba lililojaa vijiti na vibao vidogo vyenye unene wa takriban sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita, vilivyoshikamana kama dodoki lililokauka. Kati yake kuna uboho. Mwenye mwamba anatafuta vitundu vilivyoungana, kwa sababu gesi hupita katika uwazi. Mwenye mfupa anatafuta vijiti vilivyoungana, kwa sababu uzito wa mwili hupita katika vijiti. Kwa hiyo picha ni moja na msomaji mmoja husoma cheusi, mwingine husoma cheupe.

Funzo lao la muungano ni letu pia. Mfupa unapodhoofika, hali inayoitwa osteoporosisi, vijiti havipungui unene tu, bali vingine hukatika kabisa. Kijiti kilichokatika hakibebi kitu hata kama madini yake bado yamo, kama nguzo iliyokatwa kichwa chini ya paa. Ndiyo sababu watu wawili wenye kiasi sawa cha madini huweza kutofautiana, mmoja akavunjika na mwenzake asivunjike. Na ndiyo sababu matibabu hufaa zaidi yakianza mapema: dawa huweza kulinda na kunenepesha kijiti kilichopo, lakini ni vigumu kurudisha daraja lililokwisha kukatika.

CT ya hospitali haioni kijiti kimoja kimoja. Inaona umbo la pingili, na umbo lilitosha kabisa kumsaidia mama yule.

Kwa watoa huduma

Mgonjwa aliyevuka miaka 50 akija na maumivu ya mgongo yaliyoanza ghafla baada ya kuanguka kidogo, kuinua mzigo au kukohoa, muulize kama amepungua kimo, mtazame mgongo kama umeanza kupinda, na mgonge polepole juu ya pingili kuona panapouma. Kumbuka wanaohatarika zaidi: wanawake waliokoma hedhi, hasa walioikoma mapema, waliotumia dawa za jamii ya predinisoloni kwa miezi mingi, wavutaji sigara na wanywaji wa pombe kupita kiasi, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa sababu ya virusi vyenyewe na kwa sababu baadhi ya dawa, mfano tenofovia, huweza kupunguza madini ya mfupa. Dawa hizo zisisimamishwe kwa hofu, mgonjwa afuatiliwe.

Usiite kila pingili iliyobonyea osteoporosisi. Katika mazingira yetu kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyosambaa na saratani ya uboho huweza kubonyeza pingili vilevile. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayozidi usiku, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za kumpeleka mgonjwa mbele haraka. Mama yule tulimfanyia uchunguzi wa magonjwa hayo kwanza, na yote hayakuonekana, ndipo akaanzishiwa tiba ya mfupa.

Kwa wenzangu wasomaji wa picha: kila CT ya kifua au ya tumbo ina uti wa mgongo ndani yake. Ikate kwa ubavu kabla ya kuandika neno "kawaida." Pingili iliyopoteza zaidi ya asilimia 20 ya kimo chake iandikwe wazi kuwa imevunjika, tena iandikwe katika hitimisho, mahali ambapo daktari aliyeomba ataiona. Na kabla ya kukubali ombi la kurudia kipimo, fungua kwanza kilichopo.

Kwa wagonjwa na jamaa zao

Unapoambiwa ufanye CT, una haki ya kuuliza inatafuta nini, na kama kuna kipimo kisicho na mionzi, kama vile ultrasaundi, kinachoweza kujibu swali hilohilo. Ikiwa uliwahi kupimwa kwingine, nenda na picha zako pamoja na ripoti, usiziache nyumbani. Kama una mimba au unashuku kuwa nayo, sema kabla ya kuingia. Kama utachomwa dawa ya kung'arisha mishipa, taja ugonjwa wowote wa figo, mzio uliowahi kuupata, na dawa zako za kisukari.

Mfupa nao hujengwa kila siku. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa, mboga za majani, jua la kiasi, kutembea na kazi za mikono huufaa. Kwa mzee, taa ya kumwonyesha njia ya msalani usiku na sakafu isiyoteleza huweza kusaidia kuzuia mvunjiko. Na ikiwa mama au bibi yako amepungua kimo, usiseme ni umri. Mpeleke akaulizwe.

Mpwa wangu alihitimu, naye sasa anafanya kazi na miamba. Mama yule huja kliniki akitembea na mkongojo. Kimo alichopoteza hakikurudi, na mgongo wake utabaki umepinda, lakini hajavunjika tena. Kipimo cha pili hakikufanyika. Ombi lake lilirudi kwa daktari aliyeliandika, pamoja na ripoti ya kwanza niliyoirekebisha kwa jina langu na kwa tarehe ya siku ile.